Dakika Ishirini na Tatu kutoka Itumba hadi Galula

Bweni zima mmeniuliza likizo ya Pasaka ilikuwaje, na kila mtu nimempa jibu lake. Agnesi nilimwambia ndege ilitua juu ya paa la kanisa. Neema wa kitanda cha juu anaamini mpaka leo kwamba rubani aliniachia usukani akapiga usingizi. Sasa nimechoka kukumbuka nani nilimdanganya nini, kwa hiyo naandika mara moja tu, ukweli mtupu, daftari lizunguke vitandani halafu lirudi kwangu likiwa na kurasa zake zote. Na wale mnaouliza kwa nini mkono mmoja wa sweta langu haufanani na mwenzake, someni hadi mwisho. Msiruke.

Jambo lenyewe lilikuwa hili. Bibi yangu mzaa mama, Bibi Sekela, anakaa milimani juu ya Itumba. Kwa miaka mitatu mtoto wa jicho alikuwa anamfunika macho kidogo kidogo, hadi akabaki anatofautisha mchana na kivuli, basi. Safari hii daktari wa macho alikuja kupiga kambi kwenye kituo cha afya kule bondeni Galula. Mvua zilikuwa zimebeba daraja, barabara ya kwenda huko imekatika, hivyo ndege ndogo ya misheni ikawa inawafuata wazee wa milimani kwenye kiwanja cha nyasi pale Itumba. Mgonjwa mmoja, msindikizaji mmoja. Mjomba ana kahawa yake, mama ana duka lake la vitenge, mimi nina likizo. Msindikizaji akapatikana.

Bibi alipangiwa kupasuliwa Alhamisi. Ijumaa daktari anafungua bandeji, Jumamosi anaondoka, na hakuna aliyejua atarudi lini. Ilikuwa Alhamisi hiyo au giza.

Tunduma hadi Mpemba

Kutoka nyumbani Tunduma hadi Mpemba, mtu mwenye haraka na baiskeli nzuri anafika kabla hajatoka jasho la pili. Mimi nilitumia nusu siku, maana nilipanda fuso la mbolea la kaka mmoja anaitwa Siwale, mteja wa mama, na foleni ya malori ya mpakani siku hiyo ilikuwa imelala barabarani kama nyoka aliyemeza mbuzi.

Kabla sijapanda, mama akanipa simu yake.

"Tuse, simu hii si yako. Usipakue chochote. Na usiguse saa."

Ninyi mnaotoka mbali na mpaka hamlijui hili, ngoja niwaeleze. Zambia wako nyuma yetu kwa saa moja. Ukikaa Tunduma, simu ikishika mnara wa Nakonde, yenyewe inajirudisha saa moja nyuma bila kukuomba ruhusa. Watu wamekosa mabasi, watu wamekosa mazishi. Kwa hiyo mama aliiwekea simu yake saa kwa mkono na kuifungia isijibadili.

Sasa mnanijua. Kwenye foleni, saa mbili tumekaa, Siwale ananisimulia jinsi alivyowahi kukaa siku nne sehemu ileile, mimi kidole kinaniwasha. Nikaingia kwenye mipangilio ya simu. Nikaona saa ya mama imepitwa dakika tatu na ile ya redio ya fuso. Nikasema huyu bi mkubwa anaishi zama gani, simu ya kisasa inarekebishwa kwa mkono kama saa ya ukutani. Nikabonyeza: ijirekebishe yenyewe. Dakika tatu zikapona. Nikajiona fundi kinoma.

Dirishani akapita mama mmoja wa Kizambia anauza mahindi ya kuchemsha. Akanisalimia, "Muli shani?" Nikamjibu "Bwino", na kwa kuwa Kibemba changu kinaishia hapo hapo, kila alichosema baadaye nikawa naitikia "Bwino" na kutikisa kichwa. Nikajikuta nimenunua mahindi sita. Siwale alicheka hadi honi ikalia. Tukala matatu matatu, na foleni bado haijasogea.

Mpemba hadi Itumba

Tulipoiacha lami, kaka Siwale aliacha hadithi akashika usukani kwa mikono miwili. Barabara ya Ileje inapanda, inajikunja, inateremka, ukungu unakuja unaondoka, na upande mmoja kuna bonde ambalo hupaswi kulitazama kama umekula mahindi matatu. Nilifika jioni, nywele nyeupe kwa vumbi la mbolea. Mjomba Ambakisye aliponipokea aliniambia nimezeeka.

Bibi alikuwa amekaa jikoni karibu na moto, anachambua maharage kwa vidole. Hakunyanyua kichwa.

"Huyo anayekanyaga kama ng'ombe wa kukodi ni mke mwenzangu?"

"Ndiye, Bibi. Shikamoo."

"Marahaba. Sogea." Akanipapasa uso, mabega, akafika kwenye sweta. Hapo akatulia. Sweta hilo alinifumia yeye, nikiwa darasa la sita, rangi ya majani ya chai, na lilikuwa la mwisho kabla macho hayajagoma. Alilifanya kubwa makusudi ili nikue ndani yake. "Bado unalivaa?"

"Bibi, shule nzima wanalionea wivu." Hilo nalo nilikuwa natia chumvi, lakini si sana.

Tulikula viazi na maharage. Baada ya kula, Bibi akatangaza kwamba kwenye ndege hapandi.

Mjomba akaweka chini kikombe. "Mama, tumeshakubaliana."

"Ninyi ndio mliokubaliana. Huko Galula ni mbali kiasi gani?"

"Si mbali."

"Si mbali ndivyo ulivyoniambia habari za Mbozi mwaka ule, nikatembea hadi kucha ikang'oka. Sipandi kitu ambacho hakuna hapa anayejua kinachukua muda gani. Nitajuaje kama kimepotea?"

Mjomba akanitazama mimi, kwa sababu nasoma.

Basi nikatoa atlasi kwenye begi. Rula sikuwa nayo, ilivunjika mnajua kwa nini na mgongoni kwa nani, ila karatasi yangu ya grafu ilikuwepo. Nilihitaji uzi. Bibi haoni, mjomba ametoka kufunga mbuzi. Nikashika ncha iliyokuwa imechomoza kwenye mkono wa kushoto wa sweta, nikavuta. Nilitaka uzi mfupi kama kidole. Sweta likanipa uzi wa kufungia ng'ombe. Safu mbili za pindo zilifumuka huku natazama, na mimi nimeganda mdomo wazi, bila sauti, kwa sababu mwenye sweta amekaa hatua moja kutoka kwangu.

Nikaulaza uzi kutoka Itumba hadi Galula. Nikaupima kwenye grafu: sentimita tatu na nukta moja. Ramani inasema sentimita moja ni kilomita ishirini na tano. Nikazidisha, nikapata kama kilomita sabini na nane. Ndege, kwa mujibu wa Mzee Swila anayeangalia kiwanja, huenda kilomita mia mbili kwa saa. Mjomba huwa analirudia hilo kwa majirani kana kwamba yeye ndiye huisukuma. Nikagawanya.

"Dakika ishirini na tatu, Bibi. Na chembe."

"Dakika sizioni. Niambie kwa tenzi."

Nikamwambia aimbe utenzi mmoja, beti zote, kwa mwendo wa kanisani kwao, ambao ni mwendo wa konokono anayeumwa. Nikahesabu kwa simu. Dakika nne na kidogo. Nikagawanya tena.

"Tenzi tano na kipande."

Alifikiri. "Basi nitaimba tano na kipande. Nikifika wa sita hatujatua, nitajua umenidanganya na nitashuka."

"Utashukaje, Bibi?"

"Hilo ni lako. Wewe ndiye msomi."

Ndivyo alivyokubali. Nikajua kwamba nimeweka jina langu rehani juu ya uzi wa sweta.

Jioni hiyohiyo mjomba akasema mizigo kwenye ndege mwisho kilo tano kwa mtu. Bibi akasikitika, maana hawezi kufika ugenini mikono mitupu, na alikuwa ameandaa maharage ya wenyeji pamoja na kuku wa daktari. Nikamnong'oneza kwamba wanaopimwa ni mizigo, watu hawapimwi. Akatabasamu kwa meno yake machache. Mengine mtayaona.

Kwa Bibi hadi kiwanjani

Ndege ilikuwa iondoke saa tatu asubuhi. Kiwanja kiko mwendo wa saa moja kwa mguu kwa mwendo wa Bibi. Nikatega kengele, simu ikaniamsha, tukanywa uji bila pupa, na simu ilipoonyesha saa moja na nusu tukatoka: mjomba mbele na begi langu, Bibi katikati ameshika bega langu, na kikapu cha kuku mkononi kwangu.

Tumetembea kidogo, Bibi akasema, "Nasikia jua mgongoni. Hii si saa moja."

"Bibi, simu haikosei."

"Jua nalo halikosei."

"Simu inaongea na mitambo."

Vidole vyake vikanibana bega, na vilikuwa na maneno mengi.

Tulikuwa tumefika kwenye mteremko wa mwisho, kiwanja kinaonekana chini, tuliposikia mngurumo. Ndege nyeupe ikapanda kutoka kwenye nyasi, ikapita juu yetu ikielekea kaskazini, karibu hata nikaona magurudumu yake yana matope.

"Imewahi," nikasema.

"Haijawahi," akasema Bibi.

Mzee Swila tulimkuta anakunja kiti chake. Alikuwa na saa ya mkononi, kubwa kama kifuniko cha kopo la asali. Saa tatu na dakika arobaini. Nikatazama simu. Saa mbili na dakika arobaini. Nikageuka kutazama kusini, upande wa mto Songwe. Ng'ambo ni Malawi. Malawi nao wako nyuma saa moja. Simu ilikuwa imelala Tanzania ikaamkia Malawi, kwa sababu mtoto wa Tunduma, aliyezaliwa na kukulia kwenye jambo hilihili, aliiruhusu kwa kidole chake mwenyewe.

Nikaizima skrini. Nikaitumbukiza mfukoni.

"Rubani amewasubiri robo saa," Mzee Swila akasema. "Akapata mgonjwa mwingine, akaenda. Leo safari ndiyo hiyo hiyo. Saa sita anatakiwa Mbeya."

Mjomba alikaa chini kwenye majani. Bibi hakukaa. Alisimama tu, uso wake kaskazini, kule ambako mlio ulikuwa unaishia, akasema taratibu, "Basi. Nimeshazoea."

Jamani, angenipiga ningeshukuru. Neno lile liliniingia pabaya. Nikamwambia Mzee Swila ampigie rubani.

"Nimwambie nini?"

"Nipe mimi."

Rubani alipokea akiwa ameshatua Galula. Sauti ya mtu mpole aliyechoka. Nilisema yote bila kupumua.

"Shikamoo Kapteni, mimi ni msindikizaji wa Bibi Sekela, tumechelewa, kosa ni langu si lake. Ukiondoka huko saa nne kamili unatua hapa saa nne na dakika ishirini na tatu. Dakika kumi za kutupakia. Dakika ishirini na tatu za kurudi. Kabla ya saa tano na robo umemaliza na sisi, unabaki na muda wa Mbeya. Mawingu ya hapa Mzee Swila anasema hushuka saa sita."

"Nimesema hivyo lini?" Mzee Swila akauliza.

"Yanashuka au hayashuki?"

"Yanashuka."

Rubani akauliza, "Hizo dakika ishirini na tatu nani kakupa?"

"Nimepima kwenye atlasi."

"Kwa nini?"

"Kwa uzi wa sweta."

Nilisikia kama anakohoa, kumbe anacheka. "Nikija nisikute mtu?"

"Mpaka tuote nyasi, Kapteni. Hatutoki."

"Na kiwanja kiwe kitupu. Asubuhi kulikuwa na ng'ombe."

Hakukuwa na ng'ombe. Kulikuwa na mechi. Ndege ikishaondoka, vijana wa Itumba hukimbiza mipira pale, na walikuwa wameshasimika magoli ya miti, kila upande timu kamili na akiba. Mjomba na mimi tuliingia katikati kuwaomba watoke. Kipa mmoja akaniambia wanaongoza bao moja, hawawezi kutoka. Nikamwonyesha Bibi pale pembeni, na kikapu chake, na nikamwambia anasubiri kwenda kufunguliwa macho. Yule kipa aling'oa goli lake mwenyewe, miti yote miwili, akaibeba begani.

Itumba hadi Galula

Ndege ilitua saa nne na dakika ishirini na tano. Mzee Swila alileta mizani ya kupimia kahawa, ile ya kusimama juu yake.

"Bibi, panda hapa," rubani akasema.

"Kwenye kahawa?"

"Wote tunapimwa, Bibi. Ndege ndogo."

Nikarudi hatua moja nyuma. Bibi ni mwembamba kama mwiko. Mizani ikaonyesha kilo sitini na tisa. Rubani akainama kuisoma tena. Mzee Swila akaigonga kwa kiatu. Kilo sitini na tisa.

"Bibi," rubani akasema kwa heshima zote, "umekula nini asubuhi?"

"Uji," akajibu Bibi, halafu akageuza uso upande wangu. "Mke mwenzangu, si ulisema watu hawapimwi?"

Ikabidi apelekwe nyuma ya kibanda. Chini ya vitenge vinne alikuwa amejifunga maharage kiunoni, mifuko sita iliyoshonwa kwa mkono, kazi safi hata kwa mtu asiyeona, pamoja na unga wa ulezi kwenye soksi za mjomba. Rubani alicheka hadi akalishika bawa la ndege. Maharage yakabaki na Mzee Swila.

"Na kuku?" rubani akauliza.

"Kuku wa daktari habaki," Bibi akasema, na kila mtu aliyekuwepo akaelewa kwamba hapo mazungumzo yamefika mwisho.

Mizani ikaomba kitu kingine kipungue. Nikajitolea begi langu, lenye madaftari yote ya kazi za likizo. Mwalimu wa hesabu, kama daftari hili limekufikia, ndiyo sababu. Niliyaacha kwa ajili ya bibi yangu, tena nikiwa na uchungu mwingi.

Tukapanda. Rubani akamvika Bibi vile vikinga masikio vyenye kipaza sauti kidogo mbele ya mdomo. Nikatazama simu: saa tatu na dakika thelathini na saba, kwa mujibu wa Malawi. Nyasi zikaanza kukimbia, kitu kikatusukuma mgongoni, na Bibi akaanza kuimba.

Hakujua kwamba kipaza sauti kinapeleka yote masikioni kwa rubani. Nami sikuona sababu ya kumwambia. Utenzi wa kwanza rubani alistahimili. Wa pili akaingiza besi. Kufika wa tatu tulikuwa kwaya kamili, na kuku akiitikia kwenye kikapu.

Chini nikaona mashamba ya kahawa ya Mbozi yamechanwa mistari, mabati yanamulika, na barabara kuu ya Tunduma yenye malori yake. Foleni niliyokaa nusu siku ilikuwa fupi kuliko kidole changu. Nikaizomea kimoyomoyo. Kisha milima ikaisha ghafla, ardhi ikaporomoka, bonde likafunguka, na mto Songwe, huu mwingine wa bondeni unaofanana jina tu na ule wa mpakani, ukiwa umejaa, rangi ya chai ya maziwa. Niliona barabara ya Galula inakuja hadi mtoni na kukatika, inaendelea ng'ambo kama sentensi ambayo mtu alipitiwa na usingizi katikati. Sisi tulipita juu yake bila hata kupunguza mwendo.

Mbele kukawa na wingu zito. Rubani akainamisha bawa, akalizunguka.

Bibi alikuwa amemaliza wa tano. Akaimba kipande. Kipande kikaisha.

"Kipande kimekwisha," akasema.

"Karibu, Bibi."

"Nimesema kimekwisha."

"Kuna wingu, tumezunguka."

"Kwenye hesabu zako hapakuwa na wingu."

Nilikuwa nimeshika kile kipande cha uzi mfukoni. Bibi akavuta pumzi. Akaanza wa sita, polepole, mstari wa kwanza. Mstari wa pili. Magurudumu yakagusa ardhi.

Rubani alipozima injini alichukua daftari lake la safari, akaandika, kisha, bila mimi kuomba, akanigeuzia nione. Ishirini na nne.

"Moja ni ya wingu," akasema. "Ishirini na tatu ni zako."

Shuleni nimeshaitwa mtoro, mchekeshaji, na mara moja mbele ya wazazi wote niliitwa hasara. Hakuna aliyewahi kunionyesha daftari lake la kazi kana kwamba mimi ni mtu wa kazi hiyo.

Kiwanjani hadi kwa daktari, na siku mbili za wali

Nesi aliyetupokea akauliza safari ilichukua muda gani. Nikatoa simu kwa madaha, na simu, ambayo sasa ilikuwa imeshika mnara wa nyumbani, ikaonyesha saa tano na dakika moja.

"Saa moja na dakika ishirini na nne?" nesi akashangaa, akihesabu na mimi.

"Tenzi tano, kipande, na mistari miwili," Bibi akasema. "Hiyo simu haijui kuimba."

Ikabidi niseme yote, mbele ya nesi, rubani, na kuku. Mama alivyonikataza, kidole changu, mnara wa Malawi. Bibi alisikiliza hadi mwisho.

"Nilikwambia nasikia jua mgongoni."

"Ulisema, Bibi."

"Sawa." Akanishika bega. "Twende. Utalipia kwa kunisomea Biblia mwezi mzima."

Tulibebwa kwa pikipiki, dereva, Bibi na mimi, kuku juu ya paja. Galula ni joto la kuivisha yai, na mimi nimevaa sweta kwa sababu kulivua ni kulionyesha. Mchana huohuo jicho la kulia likapasuliwa. Daktari alipopewa kuku alianza kusema sheria haziruhusu, Bibi akamwambia, "Sijamleta kwa sheria," basi akampokea kwa mikono miwili. Chakula kilikuwa wali na perege, mchana na jioni. Mimi nilidhani nimefika peponi. Bibi aliuliza kama watu wa huku wamegombana na viazi.

Ijumaa asubuhi wakafungua bandeji. Nilisimama mbele yake, nimejipaka mafuta uso mzima, ili niwe kitu cha kwanza kuonekana na kiwe kizuri. Bibi akapepesa. Machozi yakamtiririka kidogo. Akanitazama usoni muda mrefu.

"Kumbe umechukua sura ya babu yako," akasema. "Pole."

Wodi nzima ikacheka. Mimi nilikuwa nalia na kucheka kwa pamoja, sijui kipi kilitangulia. Na hapohapo jicho lake jipya likateremka, bega, kiwiko, hadi kwenye pindo la mkono wa kushoto.

"Nani kalila sweta langu?"

Nikatoa uzi mfukoni. Nilikuwa nimeuzungusha kwenye penseli, wote. Nikamwambia ndio uliopima njia, ndio uliomshawishi rubani. Aliuchukua, akauvuta kati ya vidole, akauinua karibu na dirisha kuutazama. Akauweka ndani ya kitenge chake, pale anapoweka sadaka.

Kurudi

Jumamosi tulirudi kwa ndege ileile, na Bibi alidai kiti cha dirishani. Hakuimba hata utenzi mmoja. Alikuwa ameubandika uso kwenye kioo, anataja mto, barabara, makanisa ya Mbozi, na alipoona vilima vyake mwenyewe alibandika na kiganja pia hadi tulipotua. Rubani akamuuliza kama leo ametumia tenzi ngapi.

"Muulize mjukuu wangu," akasema. "Ndiye anayepima."

Siku tatu za mwisho za likizo nilizitumia kusoma Biblia kwa sauti. Mwezi ulibaki deni. Bibi alikaa mlangoni kwenye mwanga, sindano mbili mikononi, akifuma ule uzi kurudi mahali pake. Jicho moja tu lilikuwa limefunguliwa, vidole vimesahau kidogo, na safu zikatoka zimebana kuliko zile za zamani. Ndiyo maana mkono huu haufanani na mwenzake, na ndiyo maana, Agnesi, sikukuruhusu uunyooshe kwa pasi.

Alipomaliza akanivalisha. Akaushika mkono pale pindo linapoanza, akapeleka kidole hadi linapoishia.

"Toka hapa hadi hapa ni dakika ngapi?"

"Ishirini na tatu, Bibi. Na moja ya wingu."

Akalitazama pindo lake, akanitazama mimi, kisha akakata ncha iliyobaki kwa meno matatu aliyonayo.

"Basi usilifumue tena," akasema. "Safari nyingine utapimia nywele zako."